Linapiga Starta, Haliwaki

Leo tuzungumze gari, na hasa ule ugonjwa unaowatoa jasho madereva wengi wa mkoa wetu wa Katavi. Unageuza ufunguo, starta inapiga, injini inazunguka kama kawaida, lakini haishiki. Unarudia. Inazunguka, haishiki. Abiria wanaanza kutazamana, na mmoja wao ambaye hajawahi kushika spana tangu azaliwe ameshatoa hukumu: "Hiyo ni pampu."

Maneno hayo, "hiyo ni pampu", yamekula fedha nyingi za watu huku kwetu. Si kwamba pampu haifi. Inakufa, tena sana tu. Tatizo ni kwamba yanasemwa kabla boneti haijafunguliwa, kabla hata mtu hajauliza geji inasoma nini. Pampu inaagizwa Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, inapita Dodoma, Tabora na Koga, inafika, inafungwa, na gari linaendelea kupiga starta vilevile. Fundi anageuza maneno: basi itakuwa plagi. Plagi zikibadilishwa, itakuwa koili. Mwisho mwenye gari amenunua nusu ya injini na ubovu uko palepale. Mimi nasema hivi: gari linalopiga starta bila kuwaka linapimika, tena kwa vifaa vinavyoingia mfukoni, na hakuna sababu ya kununua spea yoyote kabla ya kupima.

Tuanze na starta yenyewe, maana watu wanaionea bure. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alitengeneza starta ya umeme iliyofanya kazi vizuri, na mwaka 1912 Cadillac wakaanza kuuza magari yaliyokuwa nayo. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa hendeli. Wazee waliofanya kazi na malori na Land Rover za zamani wanaikumbuka hendeli ile. Ikirudi nyuma ghafla ilikuwa inavunja mkono. Starta ilikuja kuchukua nafasi ya ule mkono, na kazi yake ni hiyo tu: kuzungusha krenki mpaka injini ianze kujiendesha yenyewe. Ukisikia inazungusha kwa kasi yake ya siku zote, imetimiza wajibu. Iache.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma vijana wanaoitwa kila asubuhi kusukuma magari. Kusukuma gari ni kuizungusha injini kwa miguu ya watu. Kama starta tayari inaizungusha, vijana wanane wanaongeza nini? Wanaongeza jasho. Tena hizi IST, Noah na Rav4 zilizojaa mjini nyingi ni otomatiki. Ukiisukuma otomatiki kutoka Makanyagio mpaka Kawajense, injini haitazunguka hata mara moja, kwa sababu giaboksi yake haiwezi kuunganisha magurudumu na injini wakati injini imezima. Nimeona watu wakisukuma hivyo mpaka wakakaa chini, na dereva ndani anaendelea kuhimiza.

Pana hali moja ambayo kusukuma kunasaidia, na ni kwa gari la gia za mkono. Ni pale betri ina nguvu ya kuzungusha starta lakini, ikishaizungusha, haibakizi umeme wa kutosha kulisha kompyuta ya gari na koili. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6. Starta ikipiga, volti zinashuka, na hilo ni la kawaida. Zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri hiyo imechoka au tamino zake zimeshika kutu. Asiye na mita atumie sikio na jicho. Starta inavuta kwa uzito, taa za dashibodi zinafifia karibu kuzima. Safisha tamino kwanza, kaza, jaribu tena. Hilo halihitaji fundi.

Sikio linaweza kukwambia jambo la pili, nalo ni baya zaidi. Ikiwa starta inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama vile ndani hamna kitu cha kubana, simama papo hapo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kila unavyoendelea kupiga starta pistoni zinaweza kugonga valvu. IST, Vitz na Probox zenye injini za 1NZ na 2NZ hutumia cheni, kwa hiyo hofu hiyo kwao ni ndogo. Land Cruiser ya injini ya 1HZ inatumia mkanda, na Toyota wenyewe waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukumbusha ubadilishwe kila kilometa 100,000. Wapo wanaoiona taa hiyo ikiwaka na kuitoa globu. Siwasemi zaidi, wanajijua.

Sasa, kabla ya boneti, maswali. Fundi anayestahili fedha yako ataanza kwa kukusumbua kwa maswali, nawe usikasirike. Gari lilizima likitembea, au limegoma asubuhi baada ya kulala? Lilizima ghafla kama mtu aliyegeuza ufunguo, au lilikohoa, likapoteza nguvu, kisha likafa taratibu? Kuzima ghafla mara nyingi ni umeme. Kukohoa na kufifia mara nyingi ni mafuta. Ulivuka maji? Uliosha injini jana? Kuna mtu aliyefunga alamu, redio au ile swichi ya siri ya kuzuia wezi? Swichi za siri nyingi zimefungwa kwa kukata waya wa pampu na kuuzungushia utepe. Kwenye lami utepe unavumilia. Kwenye barabara ya vumbi na mashimo waya unaachia, na mwenye gari ameshasahau hata ilipofichwa.

Na mwenye Land Rover ya Td5, Defender au Discovery, akumbuke kwamba kiwanda chenyewe kiliweka swichi ya kukata mafuta gari likigongwa. Shimo kubwa linaweza kuidanganya. Inabonyezwa tu, gari linawaka. Kuna watu wamevutwa kwa kamba kilometa nyingi kwa ajili ya swichi ya kubonyeza.

Swali la mwisho ni mafuta uliweka wapi, na swali hili kwetu Katavi lina uzito kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Ukielekea Mishamo au kushuka Karema na Ikola, vituo vya pampu viko mbalimbali, na petroli inauzwa kando ya barabara kwenye madumu na chupa. Simlaumu muuzaji wa dumu. Anaokoa bodaboda wengi, na mgonjwa wa usiku anafika hospitali kwa sababu yake. Lakini dumu hilo jana huenda lilibeba mafuta ya taa, na juzi liliachwa wazi mvua ikinyesha. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatua chini ya tanki, palepale pampu inapovuta.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Chota petroli kidogo kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, iache itulie. Kama ina maji yatajitenga chini na utaona mstari. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inapaa na kuiacha karatasi ilivyokuwa. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli inaacha doa la mafuta lisiloondoka. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi kama petroli, ndiyo maana gari la petroli lililolishwa mchanganyiko huo linasumbua zaidi asubuhi, injini ikiwa baridi. Mtakumbuka neno kuchakachua lilivyovuma nchi nzima. EWURA, wadhibiti wa biashara ya mafuta, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei iliyokuwa inawavutia wachanganyaji ipungue. Hatua hizo zilisaidia sana. Ila vinasaba vinapimwa kituoni. Dumu la kijijini hakuna anayekwenda kulipima isipokuwa wewe na chupa yako.

Na geji nayo, usiiamini kama ushahidi wa mahakamani. Kipimo kilichomo ndani ya tanki kinaweza kukwama. Kwa gari lililotembea miaka mingi, au lililoegeshwa kwenye mteremko likiwa na mafuta ya kuungaunga, mimina lita tano kwanza, halafu ndipo uanze kuita watu.

Baada ya hayo fungua boneti. Injini ya petroli haina matakwa mengi: inataka hewa, inataka mafuta, inataka moto wa plagi, na inataka mbano ndani ya silinda, vyote kwa wakati wake. Hewa ni nadra kukosekana kabisa, hata ea klina ikijaa vumbi la Inyonga injini itawaka, japo itakoroma. Mbano nao haupotei usiku mmoja katika silinda zote, isipokuwa mkanda au cheni imekufa. Kwa hiyo mara nyingi unabaki na jambo moja la kuamua: kinachokosekana ni mafuta au ni moto?

Plagi yenyewe itakujibu. Chukua mfano wa IST au Probox, maana ndizo nyingi. Ondoa mfuniko wa plastiki juu ya injini, utaona koili nne zimejipanga. Chomoa soketi ya waya ya koili moja, fungua bolti yake namba 10, uivute juu huku ukiizungusha kidogo. Puliza vumbi lililo kwenye shimo ili lisidondokee ndani ya silinda, kisha shusha spana ya plagi namba 16. Hakikisha starta imeshapigwa sekunde kadhaa kabla ya kufungua. Plagi ikitoka, itazame na uinuse. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, tafuta moto. Ikiwa kavu, haina hata harufu, mafuta hayafiki silinda.

Ikiwa imelowa chapachapa, huenda injini imejaa mafuta kwa sababu ya kurudia starta mno. Kausha plagi, zirudishe, kanyaga pedali ya mafuta mpaka sakafuni na upige starta. Kwenye magari mengi ya nozeli, kompyuta ikiona pedali imekanyagwa mpaka mwisho wakati wa starta, inakata mafuta na kuacha hewa ipite. Watu wanaokanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, wanaifuata desturi ya kabureta, na gari lao halina kabureta.

Kuangalia moto, chomeka plagi kwenye koili yake, ilaze chuma chake kigusane na chuma cha injini, mwenzako apige starta. Lakini kwanza chomoa soketi za nozeli, maana shimo la plagi lililo wazi litarusha mvuke wa petroli, na wewe umeleta cheche pembeni yake. Magari yameungua hivyo. Usishike plagi kwa mkono, koili inatoa maelfu ya volti. Moto mzuri ni wa buluu, una sauti ya kupasuka. Moto mwekundu na mwembamba ni dhaifu.

Kuhusu pampu, kuna ushauri unaozunguka sana kwenye simu za watu: weka ufunguo mpaka ON, sikiliza mlio mfupi kwenye tanki, usipousikia pampu imekufa. Ushauri huo ni wa kweli kwa magari ya viwanda vingi, lakini kwa Toyota nyingi za miaka ile tunazoendesha huku unaweza kukupoteza. Kwenye hizo, rilei ya pampu inasubiri starta ipigwe ndipo iruhusu pampu kufanya kazi. Ukiweka ON utasikia ukimya, na ukimya huo ni wa kawaida. Mwenzako apige starta, wewe inama kwenye siti ya nyuma, maana katika nyingi za gari hizi ndogo pampu iko chini yake, ndani ya tanki. Ikinguruma, inazunguka. Isiponguruma, usiihukumu bado. Weka testa kwenye waya wake wakati starta inapigwa. Testa ikiwaka na pampu imekaa kimya, na waya wa ethi uko sawa, hapo sasa pampu imekufa kweli, nenda kanunue. Testa isipowaka, pampu haina kosa. Inanyimwa umeme na fyuzi, rilei, waya, au kompyuta. Rilei mara nyingi ina ndugu yake kwenye boksi hilohilo, ya honi kwa mfano. Namba zikifanana, zibadilishane nafasi, ujaribu. Ni jaribio lisilo na gharama.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, mafundi hasa. Koili nne hazifi siku moja. Plagi nne hazifi siku moja. Nozeli nne haziwezi kukubaliana kugoma asubuhi ya Jumanne. Koili moja ikifa, gari linawaka likitetemeka. Kwa hiyo ukikuta silinda zote hazina moto, acha kabisa kugusa koili mojamoja. Tafuta kitu ambacho zote zinakitegemea: fyuzi, rilei kuu, waya wa ethi wa injini, imobilaiza, au sensa ya krenki. Sensa hii ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Ikinyamaza, kompyuta inaona injini imesimama, haitoi moto, haifungui nozeli. Starta inaweza kupiga mpaka betri iishe.

Kwenye magari mengi, mshale wa RPM unaweza kukupa fununu. Wakati starta inapiga, mshale unapaswa kuinuka kidogo, kama mia mbili au mia tatu. Ukilala kwenye sifuri bila kutikisika, ishuku sensa ya krenki au nyaya zake. Na imobilaiza ina taa yake ya ufunguo: ufunguo ukiwa ON, taa ikiendelea kumemeta, gari halijautambua ufunguo wako. Ondoa mizigo mingine iliyofungwa pamoja na ufunguo, jaribu ufunguo wa akiba kama unao.

Kuna Probox moja niliyoiona hapa mjini, ya mtu anayebeba karanga na mchele wa Mpimbwe. Ililala gereji ikipiga starta tu. Pampu ilishabadilishwa. Plagi zilishabadilishwa. Mashine ya kupima ikaletwa, ikatoa msimbo P0335, na kwa kuwa maelezo yake yanataja sensa ya krenki, sensa ikanunuliwa. Gari halikuwaka. Akaja kijana mmoja, hajavaa hata ovaroli, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: magunia ya karanga yanalala ndani ya gari? Yanalala. Akaingia chini, upande wa puli ya krenki, akafuata waya wa sensa kwa kidole kutoka kwenye soketi kwenda juu. Karibu shubiri moja kutoka kwenye soketi kidole kikasimama. Ngozi ya waya ilikuwa imetafunwa, nyuzi za shaba zimebaki mbili tatu, za kijani kwa kutu, na juu ya kava ya injini kulikuwa na maganda ya karanga na nyasi kavu. Panya. Akapima sensa ile ya zamani kwa mita, ikasoma sawasawa na ile mpya. Akaunga waya, akauvika bomba la plastiki, gari likawaka.

Msimbo P0335 hausemi "nunua sensa". Unasema njia ya umeme ya sensa ya krenki ina hitilafu, na njia hiyo ni sensa, soketi, nyaya zote mbili mpaka kompyuta. Mashine ya kupima inakuonyesha mtaa. Nyumba utaitafuta mwenyewe. Na wenye magari yanayobeba nafaka, msimu wa mavuno fungueni boneti kila asubuhi, msisubiri gari ligome.

Wa dizeli, nanyi sijawasahau, maana bila Fuso na Canter tumbaku na mpunga wetu vingeozea shambani. Dizeli ya kawaida haina plagi ya moto. Inawaka kwa mbano na joto. Kwa hiyo usitafute cheche, tazama sailensa. Starta ikipigwa na moshi mweupe ukatoka, dizeli inafika lakini haiungui: inaweza kuwa hita plagi, mbano, au taimingi. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki. Sababu kubwa kwetu ni hewa iliyoingia baada ya tanki kukauka, na maji kwenye filta. Filta nyingi zina kigingi cha chini cha kumwagia maji; kilegeze mpaka itoke dizeli tupu. Kisha sukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Injini za zamani unaweza kulegeza nati za mabomba ya nozeli huku starta ikipigwa, mapovu yatoke. Lakini Hilux, Prado na Haisi za dizeli za kisasa, zile zenye reli moja inayolisha nozeli zote, usithubutu. Presha yake inapita baa 1,000 injini ikifanya kazi, na mchirizi wa dizeli ya presha hiyo unachana ngozi na kuingia mwilini.

Land Cruiser ya mkonga yenye 1HZ ndiyo rahisi kuliko zote. Pampu yake ni ya mitambo, na inachodai kwa umeme ili iwake ni waya mmoja unaofika kwenye solenoidi ya kuzimia, juu ya pampu. Weka ON, gusa waya huo kwenye nguzo yake, utasikia "tik". Usiposikia na testa haiwaki, fuata waya. Gari kubwa la mamilioni linaweza kulala porini kwa waya wa unene wa njiti ya kiberiti.

Na ukiwa na dizeli inayowaka vizuri kule Karema kando ya ziwa, kwenye mita 770 na ushee na joto lipo, usishangae ikikugomea alfajiri ya Julai ukiwa Sumbawanga, kwenye mita 1,800. Hita plagi zilizokufa mbili tatu hazijulikani ziwani. Sumbawanga zinajulikana.

Kabla sijafika mwisho, mambo ya usalama. Usipige starta zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishe nusu dakika, ama sivyo utaiunguza na uongeze ugonjwa wa pili. Usimimine petroli kwenye njia ya hewa ili "kuliamsha" gari. Likirudisha moto, litaungua wewe ukiwa umeinama juu yake. Na barabara ya kwenda Sumbawanga, ukishapita Sitalike unaingia Hifadhi ya Katavi. Gari likizima humo, hapo si mahali pa kufanya majaribio niliyoyasema leo. Viboko na nyati wa huko si wa picha, simba pia wapo, na mbung'o hawatakuacha utulie hata dakika moja. Funga vioo, kaa ndani, subiri gari linalopita au askari wa hifadhi. Ndiyo maana petroli na betri vinakaguliwa Mpanda, kabla ya safari.

Sasa neno langu kwa wenye magari, na hili litawaudhi baadhi. Tunawalaumu mafundi kwamba wanabahatisha, lakini sisi wenyewe tumewazoesha. Fundi akipima kwa saa mbili akakuta fyuzi iliyoungua, tunamwambia, "Si umebadilisha fyuzi tu?" na tunampa fedha ya soda. Akitununulia pampu tusiyoihitaji, tunamlipa bila kinyongo kwa sababu tumeona kitu kipya kikifungwa. Fundi naye ana watoto. Atajifunza haraka kazi gani inalipwa.

Kwa hiyo gari lako likigoma wiki hii, fundi akasema nunua pampu, muulize maswali mawili: umepima nini, na kimesoma ngapi? Akikujibu, mlipe kwa kupima kwake, hata kama spea aliyobadilisha ni fyuzi ya rangi nyekundu. Akikosa jibu, usitume fedha Dar es Salaam.